Shajara ya Mradi: Kupanga Upya Kanuni za Kutunza na Kufuta Nakala Rudufu

Lengo

Mradi huu una lengo moja: kuandika upya kanuni zinazoamua ni nakala rudufu (backup, yaani nakala ya akiba ya data) ipi ibaki, ibaki kwa muda gani, na ni ipi ifutwe bila mtu kuulizwa. Kazi ya kunakili yenyewe imekuwa ikienda vizuri. Kwa nyakati ilizopangiwa programu huamka, husoma folda zake, hupeleka mabadiliko kwenye seva ya hifadhi na kuacha taarifa fupi kwenye logi. Kilichokosekana ni sababu ya namba zinazotumika. Kanuni tulizozikuta, yaani nakala 7 za siku, 4 za wiki na 6 za mwezi, zilichukuliwa kutoka kwenye mfano wa maelezo, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini wiki ziwe 4 na zisiwe 8, wala nini kingefuata iwapo kasoro ingegunduliwa mwezi wa saba baada ya kutokea.

Ninaiandika shajara hii ili atakayezigusa kanuni hizi baadaye aione hoja iliyo nyuma ya kila namba. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu sehemu inayofuta ndiyo sehemu ya mfumo wa nakala rudufu inayoweza kuangamiza kilekile ambacho mfumo mzima uliwekwa kukilinda, nayo hufanya kazi hiyo usiku, peke yake, huku kila mtu akiamini kwamba mambo yako salama.

Uharibifu hukaa muda gani kabla ya kuonekana?

Mazungumzo ya mwanzo na wenzangu yalianzia kwenye ukubwa wa diski: tuna nafasi kiasi gani, na nakala ngapi zitaenea humo. Niliomba tuanzie upande mwingine. Diski hutuambia tunaweza kutunza nini, lakini haituambii tunahitaji kutunza nini. Swali linalofaa kutangulia ni hili: faili ikiharibika leo, ni nani atakayeifungua tena, na lini?

Tulipoliuliza swali hilo kwa kila aina ya data, majibu yalitofautiana sana. Waraka ambao watu kadhaa wanauhariri ukifutwa kwa bahati mbaya, mtu hulalamika ndani ya saa chache. Jedwali linalofunguliwa mwisho wa mwezi likiharibika tarehe 2, hakuna atakayejua hadi tarehe 30. Mhasibu alitukumbusha kwamba zipo faili anazozifungua mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kufunga hesabu, na kwamba zikiharibika siku chache baada ya ufungaji, uharibifu huo utalala mwaka mzima. Faili za usanidi wa seva nazo huweza kubadilishwa vibaya na kosa lisijitokeze mpaka siku seva itakapowashwa upya, ambayo huenda ikawa miezi mingi baadaye.

Kwa hiyo tumekubaliana kuacha kutumia kanuni moja kwa data yote. Tumegawa data katika makundi manne: nyaraka za pamoja, hifadhidata ya hesabu, usanidi wa seva, na kompyuta za wafanyakazi. Kila kundi litapewa muda mrefu kidogo kuliko kipindi kirefu zaidi ambacho kasoro inaweza kujificha ndani yake. Nafasi ya diski itapimwa baada ya hapo, na ikiwa haitoshi, tutaomba diski nyingine au tutapunguza muda kwa uamuzi ulioandikwa, tukijua wazi ni hatari gani tunayoikubali.

Miezi 12 haifiki mwaka

Pendekezo la kwanza kwa nyaraka za pamoja lilikuwa nakala 12 za mwezi, na kila mtu aliliona kuwa sawa kwa kuwa mwaka una miezi 12. Nililijaribu kwenye kalenda kabla ya kulikubali. Tunatumia programu ya restic, ambayo kwa kanuni ya mwezi huibakiza nakala ya mwisho ya kila mwezi wenye nakala, na mwezi unaoendelea nao huhesabiwa. Tuseme leo ni katikati ya Machi 2026. Nakala 12 zitakuwa ya Machi hii, ya Februari, ya Januari, na kuendelea kurudi nyuma hadi ya Aprili 2025, yaani iliyochukuliwa mwisho wa Aprili. Hali ya faili kama ilivyokuwa Machi 2025 haipo tena. Anayefunga hesabu mwezi Machi na kutaka kuona alichokiacha Machi iliyopita atakuta kimeondoka.

Nakala 14 za mwezi hurudi hadi mwisho wa Februari 2025, na hapo ndipo kile kilichokusudiwa na neno "mwaka mmoja" kinapotimia kwa uhakika. Tofauti ya gharama ni ndogo mno kulinganisha na tofauti ya usalama. Tumeweka 14.

Namba zilezile, programu mbili

Jambo hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, na ningependa lisisahaulike. Seva yetu ya zamani inatumia programu ya BorgBackup (kwa kifupi Borg), ile mpya inatumia restic, na zote mbili zilikuwa zimepewa namba zilezile. Ungetarajia zitunze historia yenye urefu uleule. Hazifanyi hivyo.

Katika Borg, kanuni hutumika kuanzia kipindi kifupi kwenda kirefu, na nakala iliyokwisha kuchaguliwa na kanuni iliyotangulia haihesabiwi katika kanuni inayofuata. Katika restic, nakala moja inaweza kuhesabiwa na kanuni kadhaa kwa wakati mmoja: ileile ya leo inaweza kuwa ya siku, ya wiki na ya mwezi. Chukua nakala 7 za siku na 4 za wiki, na tuseme leo ni Jumatano. Restic, ambayo wiki yake huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, itazihesabu za wiki hivi: ya leo kwa wiki hii, ya Jumapili iliyopita, ya Jumapili iliyotangulia hiyo, na ya Jumapili nyingine moja nyuma. Ya zamani kabisa ina umri wa siku 17. Borg itaona kwamba ya leo na ya Jumapili iliyopita zimekwisha kuchaguliwa na kanuni ya siku, kwa hiyo itaanza kuhesabu kutoka Jumapili ya siku 10 zilizopita, kisha 17, kisha 24, kisha 31.

Siku 17 dhidi ya siku 31, kwa mstari mmoja wa usanidi unaosomeka vilevile. Mtu aliyehama kutoka Borg kwenda restic na kubeba namba zake kama zilivyo amepoteza karibu nusu ya historia yake ya wiki bila onyo lolote. Kuanzia sasa, hati yetu ya kanuni haitaandika namba za programu peke yake. Itaandika kwanza ahadi kwa lugha ya kawaida, kwa mfano "hali ya kila wiki iweze kurejeshwa hadi miezi mitatu nyuma", kisha chini yake usanidi unaoitekeleza ahadi hiyo katika programu husika.

Programu zote mbili huhesabu siku zenye nakala tu. Kompyuta iliyozimwa kwa mwezi mzima haipotezi nakala zake 7 za siku, kwa kuwa siku tupu hazitumii nafasi katika hesabu. Hilo ni jema. Mifumo ya mzunguko wa folda kama rsnapshot hufanya kazi tofauti: kila mzunguko unaokamilika husukuma folda zote hatua moja nyuma na ya mwisho hudondoka, kwa hiyo anayeuendesha mzunguko wa siku kwa mkono mara kadhaa mchana mmoja anaisukuma nje historia ya siku nyingi kwa nakala zinazofanana. Tunayo mashine moja ya namna hiyo, na tumeiondolea ruhusa ya kuendesha mzunguko nje ya ratiba.

Hifadhidata ya hesabu

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mnyororo. Tunatumia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, na ili kuweza kuirudisha hifadhidata kwenye dakika yoyote tunayoitaka tunatunza nakala kamili ya msingi pamoja na faili za WAL, yaani kumbukumbu zinazoandika kila badiliko lililofuata. Faili za WAL bila nakala ya msingi iliyozitangulia hazina kazi, na nakala ya msingi inapopungukiwa na faili moja ya WAL katikati, safari ya kurejesha huishia hapo. Kwa hiyo umri hauwezi kuwa kigezo cha pekee cha kufuta WAL. Kigezo ni nakala ya msingi ya zamani kabisa tuliyoamua kuibakiza, na chochote kinachohitajika kuanzia hapo kinabaki. Tumeamua kutunza mnyororo kamili wa siku 35, ili ufunike mwezi mzima pamoja na siku chache za kufunga hesabu zake.

Mtego wa pili ni mgandamizo. Kwa historia ndefu tunatoa pia hifadhidata yote kama faili moja kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa data, na kulipeleka kwenye restic. Faili hilo lilikuwa likigandamizwa kwa programu ya gzip kwanza, na matokeo yake kila siku restic iliona faili jipya kabisa, kwa sababu badiliko dogo mwanzoni mwa data hubadilisha mfuatano wote wa baiti unaofuata baada ya kugandamizwa. Tumeondoa gzip na kuacha restic igandamize yenyewe baada ya kuikata data vipande. Sasa vipande ambavyo havikubadilika vinatambuliwa, na ukuaji wa kila siku umepungua kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye grafu ya diski.

Nakala za mwaka zitakuwepo kwa kundi hili tu, kwa idadi ya miaka inayotakiwa na sheria za hesabu pamoja na mmoja wa ziada. Tutazitoa kama faili zilizosimbwa na kuzipeleka kwenye hifadhi ya mbali ya bei nafuu. Anayefikiria hifadhi kama S3 Glacier Deep Archive ya Amazon ajue kwamba ina muda wa chini wa siku 180: ukifuta mapema, unalipia siku zilizobaki kana kwamba data ingali humo. Hifadhi ya namna hiyo inaifaa nakala ya mwaka na haiifai kabisa nakala ya wiki.

Nafasi ya diski, baada ya yote

Tulipokwisha kupanga muda tulipima nafasi, na hofu nyingi ziliondoka. Restic na Borg huikata data katika vipande na kukihifadhi kila kipande mara moja tu, hata kikitajwa na nakala mia. Gharama ya nakala ya mwezi wa 14 kwa hiyo ni vile vipande tu ambavyo havimo katika nakala nyingine yoyote. Kwa nyaraka zinazoongezeka bila kufutwa sana, vipande hivyo ni vichache. Kwa folda yenye video zinazohaririwa na kutupwa, ni vingi, na kufupisha muda huko ndiko kunakookoa nafasi. Ukubwa wa data ulituongoza kidogo; kasi ya mabadiliko yake ndiyo iliyotuongoza.

Baadhi ya kompyuta za wafanyakazi zinatumia Time Machine ya Apple, ambayo hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi iliyotangulia, kisha huanza kufuta za zamani diski inapojaa. Mpango huo ni mzuri kwa mtu binafsi, lakini haumwahidi mtu umri wowote wa chini, kwa kuwa faili kubwa zikiongezeka ghafla historia hufupika. Kompyuta zenye data ya kazi zitapata pia nakala ya restic: siku 14 na wiki 8, basi. Hatukurefusha zaidi kwa makusudi. Kompyuta za watu zina mambo yao binafsi, na kumtunzia mtu mambo yake kwa miaka bila sababu ni kumkosea haki. Kanuni nzuri huweka kikomo cha juu kama inavyoweka cha chini.

Mshambuliaji asiyeweza kufuta

Seva ya hifadhi inapokea data kwa hali ya kuongeza tu, ili programu hasidi ikivamia kompyuta na kuzifunga faili zake isiweze kuzifuta nakala zilizokwisha kupelekwa. Nilidhani ulinzi huo unatosha mpaka niliposoma kwa makini maelezo ya restic kuhusu hali hiyo. Mvamizi anayeweza kuongeza tu anaweza bado kuongeza nakala nyingi tupu zenye tarehe alizozitunga. Kanuni za idadi zitazihesabu, nafasi zitajaa, na msimamizi mwaminifu atakapoendesha amri ya kufuta kutoka kwenye mashine yake salama, yeye mwenyewe ndiye atakayezifuta nakala za kweli. Maelezo hayo yanashauri kutumia kanuni za kipindi badala ya idadi.

Tumezibadilisha kanuni zote ipasavyo. Za nyaraka za pamoja sasa zinasomeka hivi:

`--keep-within 2d --keep-within-daily 35d --keep-within-weekly 3m --keep-within-monthly 14m`

Yaani kila nakala ya siku 2 zilizopita inabaki, kisha moja kwa siku ndani ya siku 35, moja kwa wiki ndani ya miezi 3, na moja kwa mwezi ndani ya miezi 14. Ile siku 2 bila mchujo ndiyo inayotulinda zaidi. Vipindi hivi hupimwa kuanzia nakala mpya kabisa, si kuanzia saa ya leo, jambo lenye heri. Heri ni kwamba unakili ukikatika kwa miezi mitatu, historia haizeeki na kufutika huku tumelala. Restic ya sasa huziruka nakala zenye tarehe ya wakati ujao inapotafuta iliyo mpya kabisa, lakini nakala ya namna hiyo, iwe imetungwa na mvamizi au imetokana na saa mbovu ya kompyuta, ni dalili ya tatizo. Kwa hiyo skripti ya kufuta inakagua kwanza: ikikuta nakala yoyote yenye tarehe iliyo mbele ya sasa, haifuti chochote na inatuma barua pepe.

Ukaguzi mwingine umeongezwa mahali hapohapo. Kufuta kunasimama ikiwa unakili wa mwisho ulimalizika na msimbo usio sifuri, kwa kuwa sifuri ndiyo ishara ya mafanikio. Restic hutoa 3 pale inapoanza vizuri lakini ikashindwa kusoma baadhi ya faili. Kunasimama pia ikiwa nakala ya mwisho ina chini ya nusu ya idadi ya faili za iliyotangulia, kwa kuwa diski ya mtandao isiyounganishwa huonekana kwa programu kama folda tupu iliyonakiliwa kwa mafanikio kamili.

Majaribio bila kufuta, na makundi yaliyosahauliwa

Kabla ya kuwasha chochote tuliziendesha kanuni mpya kwa `--dry-run`, ambayo huorodhesha nakala zitakazobaki pamoja na sababu ya kila moja, na nakala zitakazoondoka. Orodha hiyo ilifichua jambo ambalo hakuna namba ingelionyesha. Restic huzipanga nakala katika makundi kwa jina la kompyuta na njia za folda, na kanuni hutumika ndani ya kila kundi peke yake. Seva iliyobadilishwa jina, au orodha ya folda iliyoongezwa moja, huanzisha kundi jipya, na kundi la zamani hubaki na nakala zake za mwisho daima kwa kuwa hakuna mpya ya kuzisukuma. Tulikuta makundi ya namna hiyo kadhaa. Sasa kila unakili unapewa jina thabiti kwa `--host` na lebo ya kundi la data, na upangaji unafanywa kwa jina na lebo badala ya njia za folda.

Nakala zinazochukuliwa kabla ya badiliko kubwa, kama kupandisha toleo la hifadhidata, zitapewa lebo inayozikinga na kufutwa. Lebo hiyo lazima iwe na jina la mwenye dhamana na tarehe ya kuisha ndani yake. Bila hivyo, nakala "za muda" huwa za milele.

Kuwasha, na hali ilivyo sasa

Amri ya `forget` huondoa nakala kwenye orodha, na `prune` ndiyo hufuta vipande visivyotajwa tena. Tumezitenganisha kwa siku saba. Ndani ya siku hizo data ingali kwenye diski, na amri ya `recover` inaweza kuzikusanya folda zilizobaki bila kutajwa na kuzirudisha kama nakala mpya. Gharama yake ni nafasi ya wiki moja. Tunachonunua ni muda wa mtu kusoma ripoti ya kufuta na kupinga.

Kanuni mpya zimewashwa kwa usanidi wa seva na kwa nyaraka za pamoja. Baada ya kila `prune` mashine ya ukaguzi huchagua nakala moja ya mwezi na moja ya wiki bila mpangilio, huzirejesha kwenye folda tupu, na kulinganisha alama za uhakiki (checksum) za faili na zile zilizorekodiwa siku ya unakili. Zote zilizochaguliwa hadi sasa zimelingana. Hifadhidata ya hesabu inasubiri mwezi ufungwe, kwa ombi la mhasibu, naye ndiye atakayesaini ahadi ya miezi 14 baada ya kuirejesha mwenyewe hesabu ya mwezi anaouchagua. Seva ya Borg itabaki na namba zake za zamani mpaka data yake ihamishwe. Haitazimwa kabla nakala ya zamani kabisa ya restic haijafikisha umri wa ile ya zamani kabisa iliyomo ndani yake.